Nilifunga maneno siku tatu ili nijitambue, siku ya tatu wakaja kumposa mdogo wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia. Nataka kueleza jambo lililotokea sebuleni kwetu, na kabla sijaanza nawataja wote waliokuwepo, asije mtu huko chini kwenye komenti akasema nimetunga.

Alikuwepo Muzee Uwonda wa Mahagi, baba wa kijana anayeitwa Innocent.

Alikuwepo dada yake Muzee, Mama Koleta.

Alikuwepo Innocent mwenyewe, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilifika kwenye kucha.

Kwa upande wetu alikuwepo Dorika, mdogo wangu anayenifuata, ambaye ndiye aliyekuwa anaposwa. Alikuwepo Dodo, mdogo wetu wa kiume. Alikuwepo Esta, kitinda mimba. Na mimi, mkubwa wao.

Alikuwepo pia jogoo mmoja, lakini yeye hakuufikia mwisho wa kikao.

Hao ndio mashahidi. Nikisema uongo yeyote kati yao anaweza kunisuta, isipokuwa jogoo.

Niseme kidogo juu yangu, maana bila hilo hamtaelewa ujinga wangu ulitoka wapi.

Wazazi wetu walikufa wote wawili, mmoja akimfuata mwenzake kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari. Niliacha masomo, nikachukua mashine ya kunyolea aliyoniachia baba, na mpaka leo nanyoa watu kwenye kibanda changu hapa Nyakasanza. Wadogo zangu wamekua kwa nywele za watu.

Huku kwetu mkubwa wa nyumba anaitwa Yaya, awe mwanamume au mwanamke. Mimi ndiye Yaya. Hata wateja wazee kunizidi wananiita hivyo, na nimezoea.

Sifa yangu ya kwanza ni kwamba nikishika neno siliachii. Nilimwahidi Mungu kwenye kaburi la mama kwamba hawa watatu hawatatawanyika, kila mmoja kwa shangazi yake. Hawakutawanyika.

Sifa yangu ya pili sikuijua mpaka mwaka huu. Naongea sana.

Sasa tuingie.

Kanisani kwetu alikuja kochi kutoka Goma. Wale wa zamani mtakumbuka tulikuwa na wachungaji, wainjilisti na mashemasi. Siku hizi kuna makochi. Kochi ni mtu anayevaa suruali ya kubana na viatu vyenye ncha, na hasemi "tubuni", anasema "jitambueni".

Semina ilikuwa jioni tatu, na mada ilikuwa Mkristo Anayejitambua.

Nisiseme uongo, ilinivutia. Vijana wetu sasa hivi kila mmoja anajitambua kwa simu. Wanatazama video, kesho yake wana maneno mapya. Dodo alikuwa ameshaanza kuniambia ana mipaka. Namwambia abebe bidoni akachote maji, ananijibu, «Yaya, hapo unagusa mipaka yangu.» Nikamwambia mipaka ninayoijua mimi ni ya Uganda, na hata hiyo watu wanavuka.

Kwa hiyo nilikwenda kwenye semina kutafuta dawa ya Dodo. Naomba mliweke hilo akilini. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mwenzangu.

Jioni ya kwanza tuligawiwa karatasi yenye maswali ishirini. Unajibu ndiyo au hapana, unajumlisha, unapata jina la nafsi yako. Mimi nilipata Kiongozi Aliyejeruhiwa.

Wakuu, nilifurahi. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole, kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Kesho yake niligundua kwamba kanisa zima lilikuwa viongozi waliojeruhiwa. Hata mama anayefagia alikuwa kiongozi aliyejeruhiwa. Wafuasi hatukuwa nao.

Jioni ya tatu kochi aliongea na kila mtu peke yake. Zamu yangu ilipofika nilikaa, nikaanza kujieleza. Nilieleza habari za wazazi, masomo niliyoacha, mashine, Dorika, Dodo, Esta, mipaka. Alipotazama saa yake mara ya tatu akainua mkono.

Akasema, «Ndugu, wewe hujawahi kukaa kimya ukasikia wewe ni nani.»

Kisha akanipa mfungo wa maneno, siku tatu. Kula ruhusa, kunywa ruhusa, kusema hapana. Simu izimwe. Nisimwandikie mtu. Nisitikise kichwa wala kuonyesha kwa kidole, kwa sababu kutikisa kichwa ni neno lililovaa nguo nyingine. Nikiwa na la kusema niandike kwenye kaye, yaani daftari, na kaye hiyo isomwe na Mungu tu.

Na mfungo uwe siri. Tumefundishwa tangu utoto kwamba mtu akifunga anawe uso, ajipake mafuta, watu wasijue.

Nilikubali. Nikishika neno siliachii.

Alhamisi jioni nikawakalisha wadogo zangu, nikawaeleza masharti. Kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi hadi Jumapili saa kumi na mbili jioni. Na mtu yeyote wa nje asiambiwe.

Dodo akauliza, «Siku tatu nzima, Yaya? Hata asubuhi?»

Nikamwambia hata asubuhi.

Akatoka nje. Nikasikia sauti kama ya mtu aliyejiziba mdomo kwa shati. Nikadhani anakohoa.

Ijumaa kibandani haikuwa rahisi. Kinyozi asiyeuliza ni hatari. Shemasi mmoja wa kanisa letu alikaa kwenye kiti, akasema nimnyoe kama kawaida. Mimi huwa namuuliza habari za goti lake, anajibu, tunamaliza. Safari hii sikuuliza.

Kukawa kimya. Mashine tu inalia.

Baada ya dakika kama tano shemasi akaanza kuhangaika. Akasema, «Yaya, umekasirika?»

Kimya.

«Kama ni ile ya maombi, ni kweli nilisinzia.»

Kimya.

«Nililala kabisa. Na si mara moja.»

Nilipomaliza upande wa kushoto alikuwa ameungama usingizi wa miezi mingi, na pia kwamba nyimbo za Kilingala tunazoimba haelewi hata neno, anafungua mdomo tu pale wengine wanapofungua. Alisimama na kichwa kilichonyolewa vizuri na uso wa mtu aliyepokea msamaha.

Nilipaswa kujifunza hapo. Kumbe ukinyamaza mbele ya mtu, yeye anaujaza ule unyamavu kwa hofu yake mwenyewe. Badala ya kujifunza niliandika kwenye kaye: Bwana, nimegundua kwamba nina utulivu mkubwa.

Jumamosi ndiyo siku iliyoniumiza.

Nilikaa kwenye kigoda ukutani. Wadogo zangu walikuwa wanaosha vyombo uani, hatua chache kutoka kwangu. Siku ya kwanza walikuwa wananikumbuka. Siku ya pili walishanizoea kama kabati.

Dodo akashika sahani chafu, akasimama, akatoa tumbo mbele, akaweka mkono mmoja mgongoni. Akasema kwa sauti nzito, «Batoto, miye niliacha masomo juu yenu. Miye niliacha masomo, na weye unaacha sahani.»

Esta alicheka mpaka akakaa chini.

Ilikuwa ni mimi, wakuu. Tumbo, mkono, sauti, kila kitu. Sikujua kwamba naweka mkono mgongoni.

Dorika naye alicheka, kisha akasema, «Mumuache. Ni kweli aliacha.»

Dodo akajibu, «Ni kweli. Lakini kila asubuhi? Hata masomo yenyewe ilishamusahau.»

Niliingia ndani, nikachukua kaye. Yale niliyoandika nitayasema mbele, kwa sababu yalikuja kusomwa na watu ambao sikuwapangia.

Sasa Jumapili.

Mjue kwamba familia ya Innocent ilikuwa ije kubisha mlango, yaani kuleta neno la posa, Jumapili iliyofuata, siyo ile. Mjomba wetu wa Mongbwalu, ambaye ndiye alikuwa awe msemaji wetu, alikuwa amepangiwa siku hiyo na alikuwa bado huko kwenye machimbo yake. Lakini Mahagi si jirani. Mtu akipata gari linalokuja Bunia anapanda, haulizi ni Jumapili gani.

Muzee Uwonda alikuwa amepata gari.

Na kwa heshima yake alimkataza Innocent asipitishe habari kwa Dorika. Alisema habari za posa zinaambiwa mkubwa wa nyumba, si binti. Kwa hiyo alinipigia mwenyewe, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili asubuhi. Simu yangu ilikuwa imezimwa, iko chini ya godoro, inajitambua.

Saa nane mchana nasikia hodi.

Esta akafungua. Nikaona kofia ya Muzee, nyuma yake kitambaa cha Mama Koleta, nyuma yake mikono ya koti la Innocent.

Dorika alitazama mara moja tu, akakimbilia jikoni. Mara tukasikia jogoo.

Sasa fikirini. Nyumba haina baba, haina mama, mjomba yuko Mongbwalu. Kwa desturi mdogo hafungui mdomo kwa habari za posa mkubwa akiwa amekaa. Mwenye kusema «karibuni» alikuwa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo alikuwa amebakiza saa nne za mfungo.

Muzee akanyoosha mkono. Nikawaza haraka, je, kusalimiana kwa mkono ni neno? Nikaona ni upendo, si neno. Lakini nikaogopa kuubana wake. Nikampa mkono wangu akaushika kama mtu anayeshika samaki sokoni kuangalia kama bado ni mzima.

Tukakaa.

Muzee akasubiri nimkaribishe. Mimi nikamtazama kwa upendo wote niliokuwa nao. Nimeambiwa baadaye kwamba sura yangu nikimtazama mtu kwa upendo bila kusema inafanana na ya hakimu.

Muzee akakohoa. «Siye tulikuya na heri. Tuliona ua hapa kwenu, na tunalomba.»

Kimya.

Akamtazama Dodo. Dodo akanitazama mimi. Nilimwona anapima, amwambie mgeni habari ya mfungo au alishike agizo langu. Nimewalea kwa agizo moja, nikisema usiseme, husemi. Mungu anisamehe, niliwalea vizuri.

Dodo akasema, «Yaya iko anawaza.»

«Ni vizuri mutu awaze,» akasema Muzee.

Nilikuwa nawaza kweli. Nilikuwa namwambia Mungu, Bwana, hawa wamekuja, nifanye nini? Sikusikia jibu. Nikawaza labda hilo ndilo jaribu lenyewe, maana shetani naye anaweza kupanda gari Mahagi.

Muzee akaanza kusema walichoandaa. Siku ya kubisha mlango si siku ya kutaja mali, lakini alikuwa ametoka mbali, akataka amalize. Akataja mbuzi. Akanyamaza anisikie.

Kimya.

Akaongeza jembe na chumvi. Kimya. Akaongeza koti la mjomba wetu. Innocent alishtuka, akajishika mikono ya koti lake.

«Yaya iko anawaza,» akasema Dodo. Safari hii niliona macho yake yanang'aa. Mtoto alikuwa ameelewa biashara.

Mama Koleta akamnong'oneza kaka yake, lakini ni mtu wa sauti, hata mnong'ono wake unafika jikoni. «Huyu mutu ni mugumu. Hata uso haitikisike.»

Muzee akaongeza vitenge vya mama zetu wakubwa. Akaongeza taa ya jua.

Hapo nikaelemewa. Nikainua macho juu kumwomba Mungu aharakishe saa. Niliyainua tu, wakuu, kama Mkristo yeyote.

Muzee akayafuata macho yangu. Juu ya kichwa changu kuna tundu kwenye bati, tunaliwekea sufuria mvua ikinyesha. Akalitazama lile tundu. Akanitazama mimi. Akashusha pumzi ndefu sana.

«Naelewa,» akasema. «Bati kumi.»

Dodo alitoka nje kukohoa.

Mimi jasho linanitoka. Nilijua sasa kwamba jambo limeharibika, na kila nilivyozidi kunyamaza ndivyo nilivyozidi kuwa mwizi. Lakini ndani yangu kuna kile kitu kinachosema ukishika neno usiliachie. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na moja na dakika ishirini. Dakika arobaini tu, nikajiambia. Watu wamevumilia makubwa zaidi.

Kumbe Muzee yeye hakuwa na dakika arobaini.

Aliweka mikono magotini, akasimama. Akachukua kofia yake.

Akasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. «Mutoto yangu, siye hatuko batu ya mali mingi. Nilisema yote niko nayo, na mingine sina. Kama hautupendi, ungesema tu. Kumunyamazia mutu muzima toka saa nane, hapana.»

Innocent naye akasimama. Alinitazama kama mtu anayetazama gari lake likiondoka.

Ndipo Dorika akatoka jikoni na sahani ya jogoo. Akaona kofia mkononi mwa Muzee, akaelewa. Dorika ana miaka ishirini na minne na hajawahi kuniomba kitu zaidi ya sabuni. Alimtaka kijana huyu. Akaiweka sahani chini.

Akapiga magoti mbele ya Muzee. Naye hajui kuvunja agizo langu, kwa hiyo akatafuta njia ya kupita pembeni.

Akasema, «Muzee, mutusamehe. Yaya hajakataa. Yaya iko mugonjwa ya kichwa kidogo. Ilianza Ijumaa.»

Nilijua amefanya kwa upendo. Lakini wakuu, mnajua maana ya kusema hivyo mbele ya wakwe.

Mama Koleta akarudi nyuma hatua moja, akamshika Innocent mkono. «Kumbe kwenu iko ugonjwa ya kichwa? Na iko mu damu?»

Akaanza kumtazama Esta. Kisha mlango, ambako Dodo alikuwa anachungulia huku machozi yanamtoka kwa kicheko, na kwa kweli kwa wakati ule hakuonekana mzima.

Basi. Nikasema.

Sauti ilikuwa imekaa siku tatu bila kazi. Ilitoka kama mlango wa zizi.

«Miye siko mugonjwa. Miye niko nafunga.»

Mama Koleta akafanya ishara ya msalaba.

Nikasema tena, «Karibuni. Mukae. Mutusamehe. Karibuni.» Nililisema mara nyingi, kwa sababu lilikuwa limechelewa zaidi ya saa tatu.

Walikaa. Nikaeleza. Nikaeleza habari za kochi, maswali ishirini, simu chini ya godoro, shemasi bila kumtaja jina, macho niliyoyainua. Nikasema mali yote iliyotajwa baada ya mbuzi naifuta, kwa sababu sikuiomba, niliiba kwa kunyamaza. Nikaeleza tena habari za masomo niliyoacha. Nikaeleza tofauti ya mfungo mkavu na mfungo wa kawaida. Jogoo akapoa.

Muzee alisikiliza sana. Mwishoni akainua mkono, vilevile kama kochi.

«Mutoto yangu,» akasema, «funga tena kidogo.»

Hapo ndipo nyumba nzima ilipocheka. Hata Mama Koleta. Innocent alicheka akijifuta uso kwa mkono wa koti, kazi ambayo mkono ule uliifaa.

Lakini Muzee ni mkatekista wa miaka mingi, haachi kitu nusu. Akauliza, «Siku tatu zote ulikuwa unaongea na Mungu. Ulimwambia nini?»

Nikasema yako kwenye kaye, na kaye ni ya Mungu tu.

Akasema, «Mungu alishasoma. Sasa tusome siye.»

Nikaileta. Nikafikiri nitasoma ya Ijumaa, ile ya utulivu mkubwa. Kaye ikafunguka Jumamosi, na Esta alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, anasoma pamoja nami. Sikuweza kuruka.

Nikasoma: Bwana, leo nimejiona. Kila asubuhi nawakumbusha wadogo zangu kile nilichowaachia, mpaka kimekuwa si zawadi tena. Nilidhani nawabeba wao. Kumbe na wao wananibeba mimi, kila asubuhi, kabla hawajanywa chai.

Hakuna aliyesema kitu. Ulikuwa unyamavu mwingine kabisa na ule wa mchana.

Dodo akaja akakaa karibu nami. Hakusema pole, si desturi yake. Alichukua sahani ya jogoo aliyepoa, akaipeleka jikoni kuipasha, bila kutumwa. Kwa Dodo hiyo ni sala.

Kuhusu mali, Muzee alikubali kufuta yote niliyofuta. Mama Koleta akakataa kufuta bati. Alisema mkwe wao hatatoka kwenye nyumba yenye tundu, watu wa Mahagi wataisema familia yao. Nilibishana. Akaniambia ninyamaze, maana najua kunyamaza.

Posa ilikubaliwa. Mjomba wa Mongbwalu alifika wiki iliyofuata na hotuba yake aliyoiandaa, tukamwacha aisome yote, kwetu sisi wenyewe.

Wakuu, niseme nilichojifunza, kila mtu achukue kinachomfaa.

Sisemi makochi ni wabaya. Yule alinipa dawa ya kweli, ila mimi niliinywa kama mtu anayekunywa chupa nzima ili apone haraka. Nilimuuliza mchungaji wetu kama nimemkosea Mungu kwa kuvunja mfungo kabla ya saa. Alifikiri kidogo, akasema Mungu alikuwa ameshasikia vya kutosha tangu Ijumaa.

Nimeona pia kwamba kujitambua hakupatikani kwenye karatasi ya maswali ishirini. Karatasi iliniambia mimi ni kiongozi aliyejeruhiwa. Wadogo zangu waliniambia mimi ni mtu anayeweka mkono mgongoni. Wao ndio waliosema kweli, na hawakulipwa usafiri kutoka Goma.

Na kushika neno ni kuzuri, bado nalisema. Ila mgeni akiwa mlangoni, yeye ndiye neno la kushika. Mungu anajua kusubiri dakika arobaini. Muzee wa watu aliyetikiswa kwenye gari tangu Mahagi, hapana.

Kwa sasa asubuhi nasema «mumelala namna gani» basi. Siku mbili tatu nimeteleza. Esta hutoa tumbo mbele na kuweka mkono mgongoni, bila kusema neno, nami nakumbuka.

Kuna jambo moja bado.

Wakati wa kuagana Muzee alinishika mkono, safari hii nikaubana wake vizuri. Akasema amenisamehe habari ya mali, amenisamehe na habari ya ugonjwa wa kichwa. Lakini kimya cha kutoka saa nane hadi saa kumi na moja na nusu hajakisamehe. Kile nitakilipa.

Nitakwenda Mahagi. Nitakaa sebuleni kwake saa nane mchana. Yeye atakaa mbele yangu, atanitazama, na hatanijibu neno lolote hadi saa kumi na moja na nusu. Mama Koleta atapita na chai na hatanipa. Mimi ninaruhusiwa kuongea kadiri ninavyotaka.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu hapo ananipigia kila baada ya wiki mbili. Anauliza habari za nyumba, habari za Dorika, kisha anauliza, «Na ile deni yangu, unakuya lini?» Namwambia barabara, namwambia mvua, namwambia wateja. Anasema sawa, kiti kiko.

Ukweli ni kwamba naogopa. Nimekumbuka shemasi kwenye kiti changu, alivyoungama yote kabla sijamaliza upande wa kushoto. Mimi nitakaa saa tatu na nusu mbele ya muzee yule, na sijui nitasema nini, na sijui nitamaliza nikiwa nimesema nini.

Kama kuna mkuu humu aliyewahi kukaa mbele ya mtu asiyemjibu, aje aniambie alistahimilije. Na wa Mahagi mlio humu, mkisikia gari linaloondoka Bunia msimwambie Muzee. Bado sijawa tayari.